Klachi ya Mama Mkwe

Bolti ya mwisho ya giaboksi ilikataa kufunguka. Oguttu alikuwa amelala chali chini ya gari, mgongo juu ya gunia, na kila alipovuta spana, kutu ilimdondokea machoni. Akaimwagia mafuta kidogo, akangoja. Bolti nyingine alikuwa ameshazipanga juu ya kadibodi, kwa mfuatano ule ule aliozitolea. Ufundi hakufundishwa na mtu, na mtu aliyejifundisha mwenyewe hujua mapema kwamba kichwa husahau.

"Mkwe," sauti ilimjia kutoka upande wa jikoni. "Imekataa?"

"Itakubali tu, Mama."

"Mimi ndiye niliyeliharibu. Pole sana, mkwe. Nimekuletea kazi."

Oguttu aliigeukia tena ile bolti kana kwamba ndiyo iliyomsemesha.

Aliyekuwa akizungumza naye ni Mama Awor, mama mzazi wa mkewe, Apendi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko lake hapo Nabuyoga, amempa mkwewe ubavu, akichambua karanga kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye plasta. Huko kwao Oguttu, Usamia, na hapa kwa Wajopadhola, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaketi kiti kimoja. Siku hizi wengi wamelegeza. Mama Awor hakulegeza, na Oguttu alimheshimu kwa hilo. Walizungumza Kiswahili kwa sababu Oguttu hakukijua vizuri Kidhopadhola, na mama hakukijua Kisamia, na walizungumza kila mmoja akiangalia kazi yake.

"Ukimaliza uniambie," Mama Awor akaendelea. "Mtoto wa katekista anakuja kesho asubuhi kuliangalia. Akilipenda, alichukue. Mimi na mambo ya gari basi."

"Unaliuza, Mama?"

"Sasa nifanye nini nalo? Nifugie kuku? Mguu wangu umekataa, mkwe. Kaka yangu Odoi alinifundisha, nikajaribu, umekataa. Kuna watu Mungu aliwapa miguu ya gari. Mimi alinipa ya kutembea."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka jambo liishe. Bolti ikalegea.

Oguttu akaishusha giaboksi polepole juu ya jeki, akaivuta kando. Harufu ya klachi iliyoungua ikatoka pale ndani. Akaitoa sahani, akatambaa nje nayo, akaiangalia kwenye mwanga. Ilikuwa imelika hadi kwenye chuma, rangi ya samawati kama ya kisu kilichosahauliwa motoni. Fundi yeyote angeiona angesema dereva huyu aliweka mguu juu ya klachi njia nzima. Na angekuwa amesema kweli. Lakini Oguttu alijua jambo ambalo fundi mwingine asingelijua: klachi hiyo aliifunga yeye, na haikuwa ya mtu wa kwenda sokoni.

Mama Awor husaga karanga na ufuta, na kuuza sokoni Tororo, na mara moja kwa juma Busia. Miaka yote alikuwa akipanda boda na ndoo zake, moja mbele ya dereva, moja mapajani mwake. Alipopata uwezo wa kununua gari, alimwomba mkwewe fundi amtafutie. Hakumwomba uso kwa uso. Alimwambia Apendi, Apendi akamwambia Oguttu. Siku moja akaja mwenyewe Busia, walikoishi Oguttu na mkewe, kuangalia, akaingia kwenye gari moja dogo jeupe pale uwanja wa magari, akashika usukani, akamwambia binti yake, "Hiki nitakiweza."

Kilikuwa kisabuni. Ndivyo wanavyoviita Oguttu na wenzake vile vigari vidogo vyeupe ambavyo gia zake hujibadilisha zenyewe. Vimejaa kila mahali kuanzia mpakani hadi Tororo, vyote mviringo, vyote vimefanana, kama vipande vya sabuni vilivyokwisha kuogewa. Watu wanavipenda kwa sababu vinakunywa mafuta kidogo, spea zake ziko kila duka, na asubuhi vinawaka. Wale waliokuwa wakikutana Jumapili baada ya ibada kwenye barabara ya murramu ya Tiira hawakuvipenda hata kidogo. Hao walikuwa watu wa usukani: fundi, muuza spea, dereva wa lori akiwa mapumzikoni, kila mmoja na kigari chake cha zamani cha gia ya mkono, wakishindana hadi karibu na mashimo ya dhahabu na kurudi wakiwa wekundu wa vumbi.

"Kisabuni ukikikanyaga mafuta, kinaomba ruhusa kwanza," mmoja angesema.

"Usukani wake ni kama kukoroga uji."

"Bora uji, una sukari!"

Oguttu aliposema kwamba mama mkwe wake amependa kisabuni, Okumu, muuza spea, alishika kichwa. "Wewe? Fundi Oguttu? Ukimnunulia mkweo kisabuni usikanyage tena Tiira. Tutakuonyesha njia ya kwenda kucheza netiboli."

Walicheka wote. Oguttu naye alicheka. Kesho yake alimwambia Apendi amwambie mama yake kwamba lile gari jeupe limeshauzwa.

Halikuwa limeuzwa.

Alimpatia gari jingine, jekundu, la gia ya mkono, lenye injini yenye hasira. Alilishughulikia kwa mapenzi. Mtu asingeweza kusema alikuwa mvivu. Aliweka springi ngumu lisiyumbe kwenye kona. Aliweka klachi nzito ya mashindano, inayoshika ghafla kanyagio linapokaribia kuachiwa, ambayo mguu uliozoea huipenda kwa sababu inajibu papo hapo. Jumapili moja kabla ya kulipeleka Nabuyoga alilipitisha Tiira, "kulipima" tu, akawapita wote. Siku ile alijiambia kwamba mama mkwe wake amepata gari ambalo mtu yeyote angelionea wivu.

Mama Awor hakulikataa. Mama mkwe hakatai kitu ambacho mkwe amechagua kwa mkono wake, kama vile mkwe asivyokataa chakula alichopikiwa kwa mama mkwe. Alishukuru kupitia kwa Apendi. Kumfundisha, Oguttu asingeweza, maana angeketi naye bega kwa bega. Akafundishwa na kaka yake Odoi, ambaye maishani mwake aliendesha trekta tu. Kwa majuma machache aliendesha. Alikwenda sokoni. Alikwenda hadi Masafu kumwona dada yake aliyelazwa, bila kumwomba mtu, akarudi akiimba, Apendi alisema. Kisha siku moja, kwenye kilima kinachopanda kutoka mtoni, akasimama nyuma ya lori, na lilipoondoka, klachi ikamshinda. Gari likazimika, likarudi nyuma, likaingia mtaroni. Ndoo zikamwagika, mkono ukavunjika. Watu walikuja kusaidia, na katikati yao kuna aliyecheka akasema bibi arudi kwenye karanga zake.

Oguttu akaiweka ile sahani iliyoungua ndani ya mfuko.

"Naenda Busia kutafuta nyingine, Mama. Nitarudi mchana huu."

"Nenda pole pole, mkwe. Na usinunue ya bei. Mwenye kulichukua ataweka anayotaka."

*

Foleni ya malori kuingia mpakani ilikuwa imefika hadi mbele ya duka la Okumu. Oguttu aliipitisha pikipiki yake katikati ya tela mbili, akaiegesha. Okumu alikuwa nyuma ya kaunta anakula chapati.

"Msee wa Tiira!" Okumu alikulia ng'ambo, upande wa Kenya, na maneno ya huko hayakumtoka. "Jumapili hukuonekana. Ulituogopa?"

"Nataka sahani ya klachi. Pamoja na ile ya kuikandamiza."

"Ile ngumu? Niko nayo moja tu, nilikuwa nimekufichia."

"Laini. Ya kawaida kabisa."

Okumu akaacha kutafuna. "Ya kawaida! Nani amekufa?"

"Ni ya gari la mama mkwe."

"Aa." Okumu akaweka chapati chini, akajifuta mikono. "Pole, ndugu. Mkono vipi?"

"Bado kwenye plasta."

Okumu akaingia nyuma kutafuta. Oguttu akageuka kuangalia barabara, ndipo alipokiona. Kisabuni cheupe, kimeegeshwa kivulini ubavuni mwa duka, na mkwaruzo mdogo juu ya taa ya kushoto. Aliujua mkwaruzo ule. Alikuwa ameusugua kwa kidole siku ile pale uwanja wa magari, wakati Mama Awor ameketi ndani yake.

"Hiki cha nani?"

Okumu alitoka na boksi mbili, akakohoa. "Cha mama watoto."

"Ulikipata wapi?"

"Wewe unajua wapi. Si kilikuwa kimekaa tu pale? Nikasema, kama Oguttu hakitaki, basi. Mke wangu alikuwa ananisumbua, watoto shule, sijui nini." Akafungua boksi moja. "Hii ndiyo laini. Mtoto mchanga anaikanyaga."

"Okumu. Uliniambia nikimnunulia mkwe wangu kisabuni nisikanyage Tiira."

"Bana, ule ulikuwa mzaha wa Jumapili! Mzaha wa Jumapili wewe unaubeba mpaka Jumatatu?"

Ilikuwa kweli. Okumu hakumshika mtu mkono. Aliyekwenda nyumbani akamtazama Apendi na kusema limeshauzwa alikuwa yeye.

"Tubadilishane," akasema ghafla. "Nikupe lile jekundu. Unalijua lilivyo."

"Nalijua, linanitoa mate. Lakini nikamwambie mama watoto nini? Arudi kwenye kuhesabu gia? Ataniacha na gia zangu humu dukani." Okumu akamwangalia, sauti ikapungua. "Kwa nini, limekuwaje?"

"Hakuna."

"Basi nisaidie kitu, uko hapa. Breki ya nyuma ya hicho inalia. Kizungushe kidogo unisikilizie."

Oguttu akachukua ufunguo. Akaingia, akasogeza kiti nyuma, akaondoka taratibu kando ya malori. Mguu wake wa kushoto ulitafuta kazi ukakosa. Akaulaza pale sakafuni kama mgeni asiyejua aketi wapi. Alikanyaga mafuta, na kweli kikafikiri kwanza. Kwenye kona usukani haukumwambia chochote kuhusu barabara. Hakukipenda. Alijaribu kukipenda, kwa haki, kama mtu anayeonja chakula cha watu, na hakukipenda.

Nyuma ya maghala kuna mahali barabara inapanda. Alisimama katikati ya kilima hicho kidogo. Akakaa. Kisha akaondoa mguu kwenye breki, akiwa hajagusa mafuta.

Hakikurudi nyuma. Kilisimama kidogo, kikaanza kupanda chenyewe, taratibu, kama mama aliyebeba maji kichwani.

Alirudia. Akarudia tena, mara kadhaa, hadi mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mihogo kando ya njia akamwuliza kama gari ni bovu. Akamwambia hapana, ni zima. Akakirudisha, akamwambia Okumu breki zimeingiwa na mchanga tu, akachukua klachi laini na kwenda zake. Breki hakuisikiliza hata kidogo. Ilimjia akiwa njiani kwamba hata hilo lilikuwa uongo, akasimamisha pikipiki, akampigia Okumu simu kumwambia aangalie mwenyewe.

*

Alipofika Nabuyoga, Mama Awor alikuwa amehamisha kigoda kufuata kivuli. Sasa alikaanga karanga kwenye kikaango kikubwa, akikoroga kwa mkono mmoja, kikaango kikimponyoka kwenye mafiga. Oguttu alitaka kwenda kukishika. Hakuweza kwenda karibu kiasi hicho. Akaingia chini ya gari.

Alifunga sahani mpya. Alifunga ile ya kuikandamiza, bolti kwa bolti, akikaza kwa msalaba, moja kisha ya upande wa pili, isije ikakaa upande. Mikono yake ilifanya kazi vizuri na hiyo ilimuumiza zaidi. Akiikaza vizuri, kesho mtoto wa katekista atalipata gari zuri. Ataondoka nalo. Mama Awor atarudi kwenye boda na ndoo mapajani akiwa na mkono ambao haujapona sawasawa, na atakufa siku yake ikifika akiamini kwamba mguu wake ulikuwa na kasoro. Na mkwe wake atakuja sikukuu, atapikiwa kuku.

"Mama."

"Naam, mkwe."

Kutoka pale chini aliona miguu yake tu, kandambili za bluu, na mguu wa kushoto umewekwa mbele ya wa kulia. Ilikuwa rahisi zaidi kuzungumza na miguu.

"Lile gari jeupe. La kule Busia."

"Ee. Lile lililouzwa. Huyo aliyelipata ana bahati yake."

"Halikuwa limeuzwa."

Mwiko uliacha kukoroga.

"Lilikuwepo," Oguttu akasema. "Nilimwambia Apendi limeuzwa. Halikuuzwa. Apendi hakujua."

Karanga zilianza kunukia kuungua. Miguu haikusogea.

"Kwa nini?"

"Niliona haya. Wenzangu walinicheka kwamba nakununulia kigari cha namna ile."

"Haya." Alilitamka kama mtu anayelipima neno uzito. "Uliona haya kwa gari langu mimi."

"Ndiyo, Mama. Na hili nililokupa, klachi niliiweka ya watu wa mashindano. Nzito. Mguu wako hauna neno. Hata mimi kwenye kile kilima, nyuma ya lori, ningepata taabu. Wengi wangerudi nyuma hadi mtaroni."

Akasikia kikaango kikiburutwa kutoka motoni. Kisha akasikia kitu ambacho hakukitarajia: mama mkwe wake alikuwa akinong'ona Kidhopadhola, peke yake, haraka haraka, na hakuelewa hata neno moja. Alingoja.

"Unajua," Mama Awor akasema hatimaye kwa Kiswahili, "huu mguu nimeupeleka kanisani? Nimewaambia akina mama wauombee. Wameuwekea mikono, mkwe. Mmoja wao, Akiteng, na ukubwa wake wote, alipiga magoti chini akaushika huu mguu wangu, akalia."

Oguttu alifumba macho.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua klachi. Hayo ya kanisani sikujua."

"Ulijua kwamba nikisema ni mguu, si mguu. Asubuhi nimekuomba msamaha. Ulikuwa hapo hapo ulipo."

"Nilikuwa hapa."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Miguu ikasimama, ikaondoka, ikaingia jikoni. Oguttu alibaki akiangalia tumbo la gari. Alidhani angejisikia mwepesi, maana watu husema hivyo. Hakuwa mwepesi. Alikuwa sasa na uchafu ule ule, ila ulikuwa umeanikwa.

Akaendelea na kazi kwa sababu hakujua la kufanya. Akasogeza jeki, akaipandisha giaboksi, akajaribu kuiingiza. Shafti ilikataa kuingia kwenye sahani. Giaboksi inahitaji watu wawili, mmoja wa kubeba na mmoja wa kuelekeza. Akajaribu kuinua kwa goti. Ikateleza, ikamgonga kifuani. Akajaribu tena.

"Utajiua hapo." Alikuwa amerudi, lakini safari hii kandambili zilisimama karibu zaidi, hatua chache kutoka kwenye gurudumu. "Halafu waseme mama mkwe amemroga."

"Inataka mtu wa pili, Mama."

"Mimi nina mkono mmoja, na hata ningekuwa na miwili nisingeingia humo na wewe. Odoi anarudi kesho kutoka msibani. Atakushikia."

"Na mtoto wa katekista?"

Radi ilisikika mbali, upande wa mwamba wa Tororo.

"Nimempigia. Nimemwambia angoje."

"Basi huliuzi, Mama."

"Nani amesema siuzi? Nimesema angoje. Kwanza nijue ni mguu au ni gari. Nikijua ni gari, ndipo nitajua la kufanya na gari. Na la kufanya na wewe." Akavuta pumzi. "Hiyo uliyoweka sasa ni laini?"

"Laini kabisa. Na springi ngumu nitazitoa, niweke za kawaida. Na bomba la moshi la kelele nalo."

"Kumbe hata ile kelele uliweka wewe?"

"Ndiyo."

"Nilidhani linaumwa." Akasonya, sonyo refu la Kijopadhola linaloanzia mbali. "Apendi amejua haya?"

"Bado."

"Utamwambia leo, kwa mdomo wako. Usinitume mimi. Mimi sikutumwa na mtu kusema uongo, na ukweli wako pia sitaubeba."

"Nitamwambia."

"Na kesho usije hapa kama mkwe. Sitapika. Njoo kama fundi. Fundi nitamgombeza nikiwa namwangalia usoni, na hakuna mila inayonizuia."

Tone la kwanza la mvua likagonga bati. Oguttu akatambaa nje, akasimama mbali kama ilivyompasa, macho chini. Hakuona sura yake. Alimsikia tu akiokota kigoda na kuingia ndani, na mlango ukafungwa, si kwa nguvu.

Akaishusha giaboksi juu ya matofali, akaifunika kwa gunia, akaingiza turubai chini ya boneti maji yasifike kwenye klachi mpya. Springi za nyuma hakuwa amezigusa. Bomba pia. Aliweka spana kubwa juu ya gurudumu la akiba, mahali ambapo Odoi ataiona kwanza, kisha akawasha pikipiki na kuingia kwenye mvua kuelekea Busia, akitafuta sentensi ya kwanza ya kumwambia mkewe.